Mwamba Ukifungwa, Nani Anakosa Kitoweo?

Mwaka 2004 wanakijiji wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walikubaliana kutovua pweza kwa miezi kadhaa kwenye sehemu ya mwamba wao. Walipoufungua walikuta pweza wakubwa, na vijiji jirani vikaiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia ufungaji 36 wa aina hiyo, ulionyesha kuwa mwezi mmoja baada ya kufungua, pweza waliovuliwa huongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na anachopata mvuvi mmoja kwa siku hukaribia kuwa maradufu. Tangu hapo, anayetaka kuthibitisha kwamba wenye pwani hulinda bahari vizuri kuliko wizara humtaja pweza kwanza.

Mimi pia naamini wenye pwani wanaweza. Ila pweza ni shahidi mwepesi. Huishi mwaka mmoja au miwili tu, hunenepa kwa kasi, na jike hutaga mara moja akafa. Subira ya miezi miwili mitatu inalipa, na kila mtu anaiona faida kwa macho. Samaki aina ya chewa si hivyo. Wengi wao huchukua miaka kabla ya kuzaa, tena huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume baadaye. Kumfungia chewa mwamba kwa msimu mmoja kisha kuufungua ni sawa na kuweka akiba kwenye kibubu na kukivunja sikukuu ya kwanza.

Desturi nyingi za visiwani zilikuwa vibubu hasa. Huko Fiji, kwenye Bahari ya Pasifiki, chifu akifariki, sehemu ya bahari ilifungwa siku mia, kisha samaki wakavuliwa kwa ajili ya karamu ya kumaliza tanga. Kijiji cha Ucunivanua kilipotumia desturi hiyo mwaka 1997 kuokoa kombe wake, wale viumbe wa baharini wenye gamba, kilifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko kufunga kwenyewe: wanakijiji walifundishwa kuhesabu kombe, wakahesabu wenyewe, na hesabu hiyo ndiyo iliyowashawishi waendelee kufunga.

Wanaopinga ufungaji huu wana hoja ambayo watetezi huipita haraka. Mwamba unaofungwa mara nyingi ni ule wa karibu, unaofikika kwa miguu maji yakipwa, na huko ndiko wanawake wanakochokoa pweza na kuokota kombe. Mwanamume mwenye chombo atakwenda mwamba mwingine. Mama asiye na chombo atakwenda wapi? Siku ya kufungua, wapiga mbizi hufika maji ya kina ambako yeye hafiki, na wageni waliosikia habari nao wako tayari. Jumla ya mavuno inaweza kupanda huku sufuria yake ikibaki tupu, na jedwali la utafiti lisilotenganisha wavuvi halitamwonyesha.

Suala la wageni ndipo serikali inapohitajika. Madagaska wana dina, sheria ndogo za kijiji, lakini makali yake kwa mtu wa mbali hutokana na mahakama kuzitambua. Kamati ya kijiji yenye mtumbwi haiwezi kufukuza meli ya nyavu.

Tatizo ni kwamba serikali ikiitwa huja na mikoba yake. Katika kisiwa cha Apo, Ufilipino, wavuvi walianza kulinda kipande cha matumbawe miaka ya 1980 wakisaidiwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Silliman. Kilisifika, wazamiaji watalii wakamiminika. Mwaka 1994 kisiwa kikatangazwa hifadhi ya taifa, maamuzi yakahamia kwenye bodi, na ada za watalii zikaanza kupitia serikali kuu kabla ya sehemu yake kurudi, mara nyingi kwa kuchelewa. Waliofanikiwa ndio waliopunguziwa sauti, na sioni namna ya kulitetea hilo. Kisha vimbunga vya Desemba 2011 na Desemba 2012 vikayavunjavunja matumbawe ya eneo lile lililolindwa. Hapo hakuna wa kulaumiwa, si kamati wala bodi.

Kwa hiyo mradi mpya ukitangazwa, mimi siulizi kwanza kama ni wa wananchi au wa serikali. Nauliza nani alichagua mwamba wa kufungwa na mwezi wa kuufunga, na kama wanaochokoa kwa miguu walikuwepo kwenye kikao hicho.