Mafunzo ya udhibiti wa vifaa vya ulinzi: nani hasa afundishwe?

Kampuni ya ulinzi ya Kampala inayotaka kazi kwa mteja wa Kimarekani inaweza kukuta sharti kwenye mkataba: wafanyakazi wafunzwe sheria za Marekani zinazodhibiti uuzaji wa vifaa vya ulinzi nje ya nchi hiyo. Wapo wakurugenzi wanaoliona sharti hilo kama kodi nyingine, na mimi siwalaumu. Sheria hizo hazikupitishwa na Bunge la Uganda. Askari anayekesha nje ya duka la Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, na bunduki kuukuu huenda asiguse hata siku moja kifaa kilichomo kwenye orodha za Washington. Kumkalisha darasani kutwa nzima atazame slaidi, asaini, apewe cheti, ni kumchosha bure.

Ila hoja hiyo inaishia Kikuubo. Timu ikitumwa Juba, mambo hubadilika. Sheria ya Marekani huifuata bidhaa ya Kimarekani hata baada ya kuuzwa. Kuivusha mpaka wa Elegu kwenda Sudan Kusini kunaweza kuhitaji kibali kipya, hata kama iliingia Uganda kihalali. Na Sudan Kusini si nchi ya kubahatisha: Marekani iliiwekea vikwazo vya silaha Februari 2018, Baraza la Usalama likafuata Julai mwaka huohuo.

Chukua kamera ya joto, ile inayoonyesha watu gizani kwa joto la miili yao. Inayopiga picha 9 kwa sekunde au chini ya hapo hulegezewa masharti kwa nchi nyingi. Ya picha 30 hubanwa zaidi. Ukizishika mkononi huenda usione tofauti. Jibu limo kwenye karatasi ya maelezo ndani ya boksi, ileile ambayo mtunza stoo huitupa pamoja na plastiki. Fulana za kuzuia risasi nazo ni hivyohivyo: daraja la kinga ndilo huamua ziko chini ya sheria ipi.

Wanaosema Wamarekani hutisha tu wakumbuke Blackwater, kampuni ya ulinzi ya Kimarekani. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 42 kumaliza kesi ya aina hii na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Kwa kosa la makusudi, kifungo kinaweza kufika miaka 20. Kweli, Blackwater ilikuwa kampuni ya kwao, na sijui ni mwendesha mashtaka gani wa Virginia atakayemfuata mlinzi wa Gulu. Lakini kampuni ya Kampala haihitaji kushtakiwa ili iumie. Muuzaji akikataa kuiuzia tena, kazi imekwisha.

“Basi tununue za Kichina,” husemwa. China nayo ina sheria yake ya udhibiti tangu Desemba 2020, na Septemba 2023 ikaanza kudhibiti baadhi ya droni na vipuri vyake.

Kwa hiyo nayaunga mkono mafunzo, lakini si haya ya kukusanya walinzi 80 ukumbini. Wafundishwe watatu: mnunuzi, mtunza stoo, na afande anayepanga safari za kuvuka mpaka. Nusu siku inatosha, vifaa vyenyewe vikiwa mezani: soma lebo, tunza karatasi, andika nambari ya kifaa na jina la anayeondoka nacho, na kabla ya gari kutoka kuelekea Elegu au Mpondwe, kwenye mpaka wa Kongo, mwulize muuzaji kwa maandishi kama kibali kinahitajika. Mlinzi wa getini aambiwe jambo moja tu: kifaa cha kampuni hakiazimishwi.