Upepo ukipiga waya, umeme unaongezeka. Lakini si kila waya

Waya wa umeme mkubwa hautulii mahali pamoja. Simama chini ya njia ya kilovoti 132 alfajiri, kisha rudi pale pale saa nane mchana siku ya jua na mzigo mkubwa wa umeme: utauona umeshuka. Alumini ikipata moto hurefuka. Kati ya minara miwili iliyoachana mita 300, waya uliotoka nyuzi joto 25 hadi 75 unaweza kushuka karibu mita mbili. Ndiyo maana kila njia imewekewa kikomo cha mzigo, ili waya usisogelee mno ardhi, miti wala watu.

Tatizo ni namna kikomo hicho kinavyowekwa. Desturi ya wahandisi duniani ni kuchukua siku mbaya: jua kali, joto la juu, na upepo wa takriban mita 0.6 kwa sekunde. Upepo huo ni mdogo kiasi kwamba moshi wa jiko la mkaa unainama kidogo tu. Kisha namba iliyopatikana hutumika mwaka mzima, au hubadilishwa kwa msimu tu, kana kwamba kila saa ni mchana wa kiangazi usio na upepo. Saa nyingi sivyo. Ripoti ya Idara ya Nishati ya Marekani ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba joto la hewa likishuka nyuzi 10, uwezo wa njia unaweza kupanda kwa takriban asilimia 11. Upepo ukiongezeka mita 1 kwa sekunde na kuupiga waya ubavuni, uwezo unaweza kupanda kwa takriban asilimia 44. Waya ni ule ule na minara ni ile ile. Ndipo linapokuja wazo ninalolijadili hapa: kikomo kifuate hali ya hewa ya saa ile ile.

Mfano ninaouamini zaidi uko Pennsylvania, Marekani. Kampuni ya PPL Electric Utilities ilifunga vihisi, yaani vifaa vya kupima hali ya waya, kwenye njia zake za kilovoti 230, na mwaka 2022 ikaanza kuingiza vipimo hivyo moja kwa moja katika uendeshaji wa gridi. Kwa hesabu za kampuni yenyewe, gharama za msongamano (zinazokuja njia ikijaa na umeme wa bei nafuu ukashindwa kupita) kwenye njia moja zilishuka kutoka zaidi ya dola milioni 60 katika msimu mmoja wa baridi hadi chini ya milioni 2 katika msimu uliofuata. Kubadilisha nyaya kungekula makumi ya mamilioni ya dola na kuchukua miaka. Tayari Desemba 2021, msimamizi wa nishati wa serikali kuu ya Marekani, FERC, alikuwa ametoa Amri 881, inayozitaka kampuni zipange vikomo kwa kufuata joto la hewa na zihesabu usiku kivyake, kwa sababu usiku hakuna jua la kuchoma waya.

Hapo kwenye usiku ndipo ninapoona faida yetu. Matumizi ya umeme Kenya na Tanzania hupanda sana jioni, kati ya saa moja na saa tatu usiku, watu wanapowasha taa, televisheni na pasi. Jua limeshazama. Kuendesha njia saa mbili usiku kwa kikomo cha saa saba mchana ni kuacha uwezo wa waya bila kutumika huku familia zikiwasha mishumaa. Wala hatua hii ya kwanza haihitaji kihisi hata kimoja: inahitaji kipimajoto kinachoaminika na jedwali jipya la vikomo kwenye chumba cha udhibiti. Nairobi au Mbeya, ambako jioni hupoa, nafuu itaonekana. Dar es Salaam mwezi Februari itakuwa ndogo, maana joto halishuki sana na viyoyozi vinanguruma.

Wanaopinga vikomo vya kubadilika wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ya urefu wa njia. Joto la waya ndilo kikomo kwenye njia fupi, za makumi ya kilomita. Njia ikizidi mamia ya kilomita, volti inashuka na uthabiti wa gridi unatetereka kabla waya haujapata moto. Chukua ile ya Loiyangalani hadi Suswa, nchini Kenya, zaidi ya kilomita 400, inayoleta umeme wa megawati 310 za upepo wa Turkana. Inavutia kusema kwamba upepo ule ule unaozungusha mapanga ya mitambo unapoza nyaya. Ni kweli unazipoza, ila si joto linaloibana njia ndefu namna hiyo. Anayeuza vihisi kwa njia ya aina hii anauza dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Kuna pia upotevu. Hasara ya umeme njiani hukua kwa mraba wa mkondo: ukiongeza mkondo kwa asilimia 20, upotevu unapanda kwa asilimia 44. Na upepo wenyewe hauna uaminifu. Vituo vyetu vingi vya hali ya hewa viko viwanja vya ndege, mahali peupe, wakati njia inapita mabondeni na kando ya misitu. Kipande kimoja kilichojificha nyuma ya kilima ndicho kitakachopata moto kwanza, na jioni upepo mara nyingi hutulia. Kwa hiyo ningechukua faida ya joto na usiku sasa, na upepo niuache mpaka upimwe kwenye njia yenyewe.

Lakini linaloninyima usingizi ni Ohio, tarehe 14 Agosti 2003. Njia ya kilovoti 345 ya Chamberlin–Harding iligusa mti ikiwa imebeba asilimia 44 tu ya kikomo chake. Haikuzidiwa hata kidogo. Mti uliachwa ukue. Mzigo ukahamia njia za jirani, nazo zikashuka na kugusa miti, na kabla ya jioni watu wapatao milioni 50 Marekani na Kanada walikuwa gizani. Kikomo kwenye karatasi kinaamini kwamba mkuza, yaani ukanda ulio chini ya nyaya, ni mweupe. Kwetu mikuza ina miembe, migomba, mikaratusi, na mahali pengine vibanda. Kuongeza mzigo juu ya mkuza wa namna hiyo kwa sababu data inasema hewa ni baridi ni kucheza na maisha ya watu wanaoishi chini yake.

Nauunga mkono mpango huu wa kubadilisha vikomo, kwa njia fupi zinazolisha miji, na kwa sharti moja linalotangulia ununuzi wowote: mafundi wapite kila kipande na kifaa cha leza, mchana wa jua, njia ikiwa na mzigo mkubwa, wapime kutoka waya wa chini kabisa hadi ardhini, na mwenye panga awe nao.