Mbao Mbichi Ndizo Zinazowaangusha Maseremala Wetu

Mlango wa chumba changu, nilioagiza kwa fundi mmoja wa Nyakato hapa Mwanza, ulifunga vizuri kwa miezi miwili. Kiangazi kilipoingia paneli zilisinyaa hadi mwanga wa sebuleni ukapenya kwenye viungo, na mvua za vuli zilipoanza ulivimba ukakwama kwenye fremu. Fundi alikuja na randa, akaupunguza upande wa kitasa. Kiangazi kilichofuata pengo likawa la kupitisha kidole.

Simlaumu kwa ufundi, kwani ndimi alizochonga kwenye mbao ziliingia kwenye matundu yake bila kulazimishwa kwa nyundo. Kosa lilikuwa kwenye mbao, ambazo aliuziwa zikiwa mbichi na ambazo hakuweza kuzisubiri, kwa sababu kianzio changu kilikwisha kununulia mbao hizohizo na kodi ya banda ilikuwa mlangoni. Mbao za samani za ndani ya nyumba zinatakiwa zibaki na unyevu wa karibu asilimia 12, na kuzianika kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, huchukua miezi mingi. Mninga mnene huweza kumaliza mwaka. Ni fundi gani mdogo mwenye mtaji wa kulala hivyo?

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema watu wa Mwanza wanapenda samani za kutoka nje ya nchi kwa kasumba tu. Kabati la MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, likilowa miguuni huvimba kama andazi, na kila mwenye nyumba analijua hilo. Hata hivyo, siku linapotoka dukani milango yake imenyooka, na mnunuzi hulipia hicho anachokiona.

Miti haiko mbali: shamba la Buhindi liko Buchosa, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 lori halipangi tena foleni ya kivuko. Kinachokosekana ni tanuri la kukaushia la pamoja, ambalo fundi atalipia kwa idadi ya mbao anazoingiza, na naona SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ndiyo yenye wajibu wa kulianza. Mikopo ya mashine ije baadaye. Mashine ya kisasa ikiranda mbao mbichi itatoa tu mlango mbovu kwa haraka zaidi.

Fundi wangu hajasubiri. Juu ya kenchi za banda lake amepanga mbao kumi na mbili, kila moja ikiwa na tarehe ya chaki, na hizo hauzi.