Kabla ya ua la plastiki, tazama nusu mita ya chini

Nyumba nyingi za Dar es Salaam huanza kuchakaa kutokea chini. Juu ukuta bado mweupe, dari la kibaraza halijaguswa, lakini kuanzia usawa wa goti kushuka kuna mkanda mwekundu wa tope, rangi imevimba kama andazi, na kona ya chini ya mlango inaliwa na kutu. Mwenye nyumba akipata vijisenti vya kupendezesha mbele, mara nyingi hununua ua la plastiki, kibao cha "Karibu" na kapeti la manyoya. Masika yakipita, ua limepauka, kapeti linanuka uvundo, na mkanda wa tope uko palepale.

Kwa maoni yangu adui wa mlango wa mbele ni maji, na kwa mwenye bajeti ndogo shilingi ya kwanza iende huko. Urembo utanunuliwa kwa chenji.

Tuanze na lile tope. Nyumba isiyo na gata hudondosha maji ya bati juu ya udongo mtupu, na kila tone huruka na chembe za udongo hadi ukutani. Ndiyo maana ukipaka rangi upya bila kugusa ardhi, masika yanayofuata unarudi ulikotoka. Gata ni ghali. Kokoto si ghali. Mvua ikikatika, nenda ukatazame: matone yenyewe yamekuchorea kijifereji chembamba sambamba na ukuta. Kifanye hicho kuwa katikati ya mtaro wa upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 8, shindilia udongo wa chini kwa kuupa mteremko wa kwenda mbali na nyumba, panga vipande vya tofali ukingoni ili kokoto zisitawanyike, kisha mimina kokoto. Kwa urefu wa mita 4 utahitaji ndoo 8 za lita 20. Usimwage mchanga mahali pa kokoto, kwa sababu mchanga nao unaruka. Na ukishawishiwa umwage zege, hakikisha limeinama kwenda nje. Zege lililolala kuelekea nyumbani ni karai la kuloweka msingi.

Kuna ugonjwa wa pili unaofanana na huo kwa mbali. Tope la kurushwa linafutika kwa kitambaa chenye maji. Rangi iliyovimba na kumwaga unga mweupe wenye ladha ya chumvi ni jambo jingine: ukuta unanyonya maji kutoka chini au kutoka ndani. Ukiwa na shaka, bandika kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, ziba pande zote nne kwa utepe wa gundi, na ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, maji yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa tu.

Chanzo mara nyingi ni cha kipuuzi. Udongo umerundikwa hadi umepita usawa wa sakafu ya ndani, au kitalu cha maua kimejengwa kikaegemea ukuta na kinamwagiwa maji kila jioni. Shusha udongo huo hadi uwe sentimita 15 chini ya sakafu, na kitalu kihame. Kwangua rangi mbovu, kisha ondoa chumvi kwa brashi kavu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaiosha. Chumvi ikipata maji huyeyuka, ikarudi ukutani, na ukuta ukikauka inachomoza tena. Acha ukuta ukauke wiki kadhaa za jua kabla ya kuupaka chochote.

Na hicho chochote kisiwe rangi ya mafuta, wala vigae, wala zile karatasi za sponji zenye sura ya matofali zinazouzwa kila duka sasa. Vyote vitatu vinaufunga ukuta usipumue. Maji yakikosa pa kutokea yanasukuma, na karatasi ya sponji ikianza kubanduka huwa inaondoka na ngozi ya plasta. Zanzibar somo hili ni la zamani. Kuta za Mji Mkongwe, ule ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyonyonya unyevu na kuuachia. Fundi akija kuziba ufa kwa saruji ngumu, unyevu hukwama nyuma ya kiraka na kulila jiwe. Ukuta wenye maji upewe chokaa au rangi ya maji ya kawaida, basi.

Ukuta mkavu ndio unaostahili mkanda wa rangi ya mafuta chini, kimo cha sentimita 30 hadi 40. Huo unafutika kwa tambara na unaficha mengi. Mafundi wanapenda mweusi. Mimi naona mweusi unaonyesha kila vumbi. Chukua kahawia inayokaribiana na udongo wa pale pale nyumbani kwako, nusu ya uchafu haitaonekana tena. Mashimo ya nje yazibwe kwa skimu ya saruji nyeupe. Ile ya jipsamu ni ya ndani. Ikinyeshewa inalainika na kutoka na rangi yake.

Sasa mlango wenyewe. Ukiwa na fedha ya kazi moja tu baada ya kumalizana na maji, ipeleke hapa, maana hakuna kinachobadilisha sura ya nyumba kwa gharama ndogo kama mlango uliopakwa vizuri. Mlango wa kawaida, takribani mita 2.1 kwa sentimita 90, pande mbili pamoja na kingo ni kama mita 4 za mraba. Lita 1 ya rangi ya mafuta hufunika mita 10 za mraba hivi kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, kwa hiyo lita moja inatosha mikono miwili na akiba ya kurekebisha mikwaruzo. Fundi akikutajia galoni kwa mlango mmoja, muulize nyingine anaipeleka kwa nani.

Kama mlango ni wa chuma, kutu yake haianzi mbele bali chini, ndani ya bomba la mraba la kingo ya chini. Maji huingia kwenye viungo vya kulehemu yakatuama humo. Unapaka nje, kutu inakula kutoka ndani, na mwaka unaofuata unaona uvimbe. Toboa matundu mawili ya milimita 6 upande wa chini wa bomba hilo, karibu na kila kona, maji yatoke. Hii ni kazi ya dakika tano na drili, na sijui kwa nini mafundi wengi wa mageti hawaifanyi tangu karakana. Kisha sugua kutu kwa brashi ya waya, gonga magamba yaliyobaki kwenye viungo vya kulehemu, pitisha msasa namba 80, futa kwa tambara lenye thina, na upake praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Karibu na bahari chuma kilicholala wazi usiku mmoja huamka na wekundu. Praima ikikauka, mikono miwili myembamba ya rangi. Mkono mmoja mzito hutiririka, na juu hukauka kukiwa na ubichi chini.

Mlango wa mninga au msaji una shida nyingine: vanishi iliyopigwa na jua inapasuka na kubanduka kama maganda ya kitunguu. Kupaka vanishi mpya juu yake ni kazi bure. Ikwangue yote, msasa namba 80, kisha 120, kisha 240, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Ukisugua kwa kukatiza nyuzi, mikwaruzo itajitokeza pale vanishi itakapoingia, na hapo hakuna dawa ila kuanza upya. Nunua vanishi iliyoandikwa ya nje. Ya ndani haina kinga ya jua. Mkono wa kwanza uchanganye na tapentaini sehemu moja kwa kumi ili uzame. Na ushushe mlango kwenye bawaba ili upake kingo ya juu na ya chini. Hizo kingo mbili hazionekani, kwa hiyo hazipakwi, na ndizo zinazokunywa maji. Mlango unaogoma kufunga kila masika kwa kawaida umevimba kupitia hapo. Anayetumia mafuta ya linsidi badala ya vanishi atandaze matambara yake nje yakauke. Yakifungiwa kwenye ndoo yakiwa yamekunjwa, yanaweza kupata joto na kuwaka yenyewe.

Usipake rangi saa sita mchana. Uso wa chuma au mbao ukiwa wa moto, ngozi ya juu hukauka kabla ya ndani na kufanya malengelenge. Asubuhi umande ukishakauka, au alasiri mlango ukiwa kivulini. Na kabla ya kununua rangi, jua ya zamani ni ipi: sugua mahali padogo kwa pamba yenye spiriti. Ikitoka kwenye pamba, ni rangi ya maji. Isipotoka, ni ya mafuta, na rangi ya maji ukiiweka juu yake bila msasa na praima itabanduka kwa kucha.

Mlango unaokwaruza sakafu usikimbilie kupigwa randa. Angalia skrubu za bawaba ya juu. Zikiwa zinacheza, zing'oe, jaza tundu kwa njiti za kibiriti zilizopakwa gundi ya mbao, kata zilizozidi, acha usiku kucha, rudisha skrubu. Mlango unanyanyuka wenyewe. Kitasa kigumu nacho usikitilie mafuta ya kupikia; yananasa vumbi na kugeuka gundi. Kwangua ncha ya penseli juu ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa.

Yaliyobaki ni mepesi. Kapeti la manyoya liondoke nje; mlangoni panataka kitu kikali. Kifuta miguu cha makumbi ya nazi kinakwangua tope, kinakauka upesi, na kinazalishwa pwani hii hii. Kiwe na upana unaokaribia wa mlango, na kabla ya kukinunua pima uwazi ulio chini ya mlango, hasa kama mlango wako unafungukia nje.

Viatu ndivyo vinavyoharibu mlango uliopakwa vizuri. Familia ya watu watano, kila mmoja na jozi mbili za kila siku, ni jozi kumi. Kila jozi inachukua kama sentimita 22, hivyo ubao wa mita moja unabeba nne. Tengeneza kichanja cha ngazi tatu chenye kina cha sentimita 33, nafasi ya sentimita 18 kati ya ngazi, na ngazi ya chini iwe juu ya sakafu kiasi cha ufagio kupita. Ukiacha kipimo hicho cha mwisho, vumbi litahamia humo.

Taa: balbu ya LED ya wati 7, ya mwanga wa manjano. Ile nyeupe ya samawati inaita wadudu zaidi na inafanya kibaraza kifanane na zahanati. Ikiwaka kwa muda wa saa 12 kila usiku inakula uniti mbili na nusu hivi kwa mwezi. Taa ya sola ni nzuri kwenye nguzo ya geti. Chini ya paa la kibaraza haichaji. Mwanga huo ukifikia kibao cha namba ya nyumba, kile kilicholetwa na zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, bora zaidi. Vingi vimefichwa na mti au mapazia ya geti, halafu mtu anamlaumu bodaboda kwa kupotea.

Mpangaji aachane na ukuta mpaka akubaliane na mwenye nyumba kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu, kwamba gharama itakatwa kwenye kodi. Kichanja, kifuta miguu na vyungu vitahama naye.

Kwa vyungu, ndoo tupu za rangi zinatosha: matundu matano ya milimita 10 chini, udongo sehemu mbili, samadi iliyooza moja, mchanga mmoja. Kokoto zinazowekwa chini ya udongo hazisaidii maji kutoka, zinapunguza tu nafasi ya mizizi. Simamisha ndoo juu ya vipande vitatu vya tofali, sahani ya kukinga maji usiweke, maana ni bwawa la mbu wa dengi. Ndani panda mrehani, upande ambao kanga ya mpita njia itaugusa.