Simu ya Marty

Jumamosi, mtaa wa Bronx, New York. Marty, muuza nyama wa buchani mwenye miaka 36 na ambaye bado anaishi na mama yake, amejikaza kiume na kuinua simu. Anampigia msichana waliyekutana sinema siku za nyuma. Sauti ya msichana hatuisikii. Tunamsikia Marty peke yake: anajitambulisha, anaeleza yeye ni yupi kati ya wale waliokuwepo siku ile, anauliza kama leo usiku ana nafasi, kisha anauliza Jumamosi ijayo, kisha anaitikia tu, ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Kamera haina pa kwenda ila usoni pake. Msichana hajamtukana wala hajamkatia simu, na bado unamwona mtu mzima akinywea mbele ya macho yako.

Sehemu hiyo ya mchezo wa runinga nimeirudia mara sijui ngapi. Mimi huandika tamthilia za runinga hapa Dar es Salaam, kwa hiyo kila nikiitazama najiuliza swali la fundi: aliyeandika alijuaje kwamba hapa upande mmoja wa mazungumzo unatosha?

Aliyeandika ni Paddy Chayefsky. Mchezo wenyewe, Marty, ulirushwa na kituo cha runinga cha Marekani cha NBC Jumapili tarehe 24 Mei 1953, katika kipindi cha Philco Television Playhouse. Rod Steiger ndiye Marty. Nancy Marchand ndiye Clara, mwalimu ambaye mwanamume aliyekuja naye dansini amemchoka na anatafuta mtu wa kumlipa dola 5 ili amwondolee mzigo. Watu wengi wanaoijua hadithi hii wanaijua kwa filamu ya 1955, ile aliyoigiza Ernest Borgnine, iliyochukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na baadaye Oscar nne, ikiwemo ya filamu bora. Kwa hiyo ukisoma habari za Chayefsky, miaka yake ya runinga huelezwa kama ngazi tu, mahali alipopitia akienda kwenye kazi kubwa. Mimi sikubaliani. Naamini kazi yake kubwa ni ile ya runinga, na filamu ndiyo iliyokuja kuokota.

Tuanze na hali ya kazi yenyewe. Siku hizi tukisikia mubashara tunawaza mpira au hotuba ya rais. Huu ulikuwa mchezo wa kuigiza, saa nzima, mubashara. Baada ya mazoezi, jioni ya Jumapili taa zinawashwa na kuanzia hapo hakuna kurudia. Kamera ni mashine nzito zinazoburuta nyaya nene sakafuni. Mwongozaji, hapa Delbert Mann, yuko chumba cha pembeni, anatazama vioo vya runinga na kutaja kamera ipi ichukue. Mwigizaji akimaliza maneno yake jikoni anakimbia nyuma ya kuta za mbao hadi kwenye ukumbi wa dansi, huku mtu anamvalisha koti.

Na mwandishi yumo katika kila hatua ya mbio hizo. Kama mhusika ametoka jikoni na anatakiwa aonekane dansini amevaa suti, mwandishi lazima ampe muda wa kufika, na muda huo anautoa kwa kuwapa watu wengine maneno. Maneno hayo yasisikike kama ya kusubiria mtu. Yawe na uzito wake, kwa sababu watazamaji hawajui kwamba kuna mtu anakimbia nyuma ya ukuta. Hapo hapo, ukitoa matangazo ya biashara, zimebaki dakika 50 na kitu. Hakuna barabara, mvua wala umati wa maana. Kuna vyumba vitatu vinne na nyuso, na kioo cha runinga chenyewe sebuleni kwa watu ni kidogo.

Chayefsky aliyapokea haya kama mtu aliyepewa nyumba inayomfaa. Katika kitabu cha tamthilia zake kilichotoka 1955 alieleza kwamba runinga haiwezi mambo makubwa ya jukwaani, bali inaweza kuingia ndani ya maisha ya kawaida hadi pale mtu mwenyewe hajielewi. Na alikuwa anayajua maisha hayo. Alizaliwa Bronx mwaka 1923, mtoto wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi, akaenda Vita vya Pili vya Dunia, akajeruhiwa na bomu la ardhini karibu na Aachen kule Ujerumani, na aliporudi akafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji cha mjomba wake.

Chanzo cha Marty kinanifurahisha kila nikikikumbuka. Walikuwa wanafanya mazoezi ya mchezo wake mwingine katika ukumbi wa dansi wa hoteli moja ya New York, ambako watu wasio na wenzi walikuwa wakikutana. Ukutani kulikuwa na tangazo lililowasihi wasichana wacheze na yeyote atakayewaomba, kwa kuwa wanaume nao wana moyo. Chayefsky akalisoma. Wazo la kwanza lilikuwa kuandika juu ya msichana anayekuja mahali kama pale. Baadaye akaona hapana, awe mwanamume. Nadhani hapo ndipo aliposhika penyewe. Mwanamume anayengoja kuchaguliwa, anayekataliwa mpaka anazoea, alikuwa hajaandikiwa sana.

Lakini sehemu ninayowaomba wenzangu waitazame zaidi haimhusu Marty. Inamhusu mama yake. Huyu mama mwanzoni anamsukuma mwanawe aoe, anampeleka dansini karibu kwa nguvu. Kisha dada yake, Catherine, anahamia kwao kwa sababu ameshindwa kuelewana na mkwe wake. Catherine anamwonya: ngoja mwanao aoe, utaona, hutakuwa na pa kupika wala wa kumfulia. Ni wanawake wawili wamekaa wanaongea, basi. Kesho yake Clara aliyekuja kusalimia anaanza kutiwa kasoro: si Mwitaliano kama wao, anaonekana mkubwa kwa umri. Mama hajageuka kuwa mbaya. Ameogopa tu. Mkwe na mama mkwe kwetu ni habari ya kila nyumba, na tumeiandika mara nyingi kwa makofi na sumu. Huyu bwana aliiandika kwa wajane wawili na hofu ya kukosa kazi jikoni.

Baada ya Marty alitoa The Bachelor Party mwaka huo huo wa 1953, The Mother mwaka 1954, Middle of the Night mwaka 1954, The Catered Affair mwaka 1955. Angalia anaandika nini: bibi kizee anayetaka kurudi kazini kushona, wazazi wanaogombana juu ya gharama za harusi ya binti yao. Mambo ya sebuleni.

Sitaki kuipamba enzi ile kupita kiasi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na kisu kilikuwa mikononi mwa wadhamini. Philco wenyewe, waliodhamini kipindi kile, walikuwa watengenezaji wa redio na runinga. Rod Serling, mwandishi mwingine mkubwa wa wakati huo, alipotaka kuandika juu ya mauaji ya kijana Mweusi Emmett Till ya 1955, aliyeuawa na Wazungu Kusini mwa Marekani, hadithi ilikatwakatwa hadi aliyeuawa hakuwa tena Mweusi na mambo yakahamishwa mbali na majimbo ya Kusini. Mwaka 1959 mchezo wa kipindi cha Playhouse 90 kuhusu kesi za Wanazi kule Nuremberg ulirushwa na neno "gesi", la vyumba vya kuulia watu, likinyamazishwa, kwa kuwa mdhamini alikuwa chama cha kampuni za gesi. Chayefsky alipita salama kwa kiasi fulani kwa sababu watu wake walikuwa wadogo na shida zao hazikumtisha mfanyabiashara. Hilo nalikiri, na linaniuma, kwa sababu Serling alistahili uhuru ule ule.

Enzi yenyewe haikudumu. Philco Television Playhouse ilifungwa 1955. Mwaka 1956 kampuni ya Ampex ikaonyesha mashine ya kurekodi kwenye kanda ya video, kazi zikahamia Hollywood, na tamthilia za filamu zinazoweza kurudiwa zikalipa zaidi. Chayefsky naye akaenda sinema. Ndiye mtu pekee aliyechukua Oscar tatu za uandishi akiwa peke yake: Marty, The Hospital na Network ya 1976, ile inayoishambulia runinga bila huruma. Wengi wanamkumbuka kwa hasira ya Network. Mimi nikiitazama naona hasira ya mtu aliyewahi kukiona chombo hicho kikifanya kazi nzuri, naye akiwemo.

Na filamu ya Marty? Ni nzuri. Borgnine ni mzuri, na Mann aliiongoza mwenyewe. Ila sasa kuna mitaa, kuna hewa, kuna nafasi ya kupumua. Katika mchezo wa 1953 Marty hana pa kutokea, na Steiger analia kwa namna ambayo mtu asingeirudia mara ya pili hata angeambiwa.

Kwetu Tanzania Bara televisheni iliingia 1994, kanda za video zikiwa zimeshazoeleka. Zanzibar walitutangulia miaka ya 70. Shule hii ya kuandika bila kurudia hatukuipitia, na nadhani imetugharimu. Mhariri wa kituo kimoja aliwahi kunirudishia mswada akisema watu wanakaa sana jikoni, niwatoe, niweke gari na hoteli. Nilifanya hivyo. Bajeti ikaisha sehemu ya nne, na wale watu wa jikoni ndio waliokuwa na jambo la kusema.

Mchezo ule tunaupata leo kwa sababu mtu aliweka kamera ya filamu mbele ya kioo cha runinga wakati unarushwa. Picha ina ukungu. Mwezi uliopita niliwaonyesha vijana sita ninaofanya nao mazoezi, tumebanana mbele ya kompyuta moja, mimi nikiwatafsiria. Ulipofika mwisho, pale Marty amechoka kusikiliza marafiki zake na anaingia kwenye kibanda cha simu kumpigia Clara, sikuwa na haja ya kutafsiri. Picha ikakatika. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, rudisha pale mwanzo, ile simu ya kwanza." Nikarudisha. Akachukua daftari, akaanza kunakili maneno ya Marty peke yake, mstari kwa mstari, akiacha nafasi tupu pale msichana alipokuwa anajibu.