Waachie apt /usr yao

Juzi niliitwa kwenye ghala moja la dagaa Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni. Seva yao ya Ubuntu (mfumo wa Linux), inayotunza hesabu za magunia, ilikuwa imegoma. Kila nikijaribu kuongeza hazina mpya ya programu, jibu ni lile lile: No module named 'apt_pkg', yaani Python, lugha ambayo zana za mfumo zimeandikwa nayo, haikioni kipande kinachoiunganisha na apt, msakinishaji programu wa Ubuntu. Nikaandika ls -l /usr/bin/python3, amri inayoonyesha jina hilo linaelekea faili gani. Mshale ulielekea kwenye Python ambayo Ubuntu haikuileta.

"Kaka, mimi nilitaka toleo jipya tu," akasema kijana anayeitunza.

Kutaka toleo jipya si kosa. Aliijenga Python mwenyewe kutoka msimbo chanzo, akaandika --prefix=/usr, yaani iwekwe ndani ya folda /usr. Asingetaja folda yoyote, ingekwenda /usr/local yenyewe, na zana za Ubuntu zinazoita /usr/bin/python3 zisingeguswa.

Msimamo wangu ni huu: /usr ni ya meneja wa vifurushi, programu inayosakinisha na kuondoa programu nyingine, yaani apt, au dnf kwenye Linux kama Fedora. Ulichokileta kwa mkono wako kikae /usr/local. Programu inayokuja na kila kitu chake, /opt. Cha mtu mmoja, nyumbani kwake ndani ya ~/.local. Debian 12, Linux ambayo Ubuntu imetokana nayo, mwaka 2023 ilipoanza kuizuia pip, kisakinishi cha Python yenyewe, isisakinishe ndani ya Python ya mfumo, wengi walilalamika. Mimi niliifurahia.

Wapo wanaosema folda hizi ni ajali ya historia tu. Kwa /bin na /usr/bin nakubaliana nao. Kule Bell Labs, maabara ya Marekani ilikozaliwa Unix, babu wa mifumo hii, miaka ya 1970, /usr ilikuwa makazi ya watumiaji. Diski ya kwanza ilipojaa, programu zikamwagikia huko. Fedora 17 iliziunganisha folda hizo mbili mwaka 2012 na sikuona hasara yoyote. Lakini mpaka wa /usr na /usr/local hauhusu ukubwa wa diski, unahusu mwenye mali. Pale Mwaloni magunia ya watu kumi yanalala chini ya paa moja, na kila gunia lina herufi za mwenyewe kwa rangi. Yafute maandishi hayo uone kazi ya kuyagawa asubuhi.

FreeBSD, mfumo mwingine wa ukoo wa Unix, ndiyo inayonikosha zaidi hapa. Kila kifurushi cha ziada, hadi faili zake za mipangilio, kiko chini ya /usr/local. Mfumo wenyewe umekaa kando, unauona kwa macho.

Kule Kirumba, kurudisha kiungo cha python3 kulichukua dakika moja. Kuondoa mabaki ndiko kulikotula hadi alasiri, kwa sababu make install ya Python, amri inayonakili faili zake mahali pake, haina njia ya kujiondoa, na apt haikuwa na orodha ya faili zile. Tulifuta moja moja, tukikagua kila jina kwanza kwa dpkg -S, inayosema faili ni ya kifurushi gani. Kisha kijana akaijenga upya Python yake, safari hii ndani ya /usr/local, kwa make altinstall, ambayo haigusi jina python3.