Walikopa Neno, Hawakukopa Lugha

Jumamosi iliyopita, hapa Leipzig, jirani yangu mzee alinialika kumsindikiza mjukuu wake aliyekuwa anaanza darasa la kwanza. Mtoto alikumbatia koni ya karatasi iliyokaribia kimo chake, imejaa peremende na penseli, kama desturi yao inavyotaka. Nilipoyasoma maandishi ya mlangoni, nilimwambia yule bibi kwamba hata kwetu mahali kama hapa panaitwa shule. Alidhani nimetamka Kijerumani. Nikamweleza kuwa ndilo neno lao, Schule, lililobaki kwetu tangu utawala wao ulipofungua shule Tanga katika miaka ya 1890, na kwamba Zanzibar, iliyokuwa chini ya Waingereza, husema skuli.

Wajerumani nao walilikopa. Asili yake ni neno la Kigiriki skholē, maana yake wasaa: muda ambao mtu amepumzika kazi za mikono na anaweza kuzungumza na wenzake mambo ya kufikiri. Warumi wakalifanya schola, na kutoka hapo kila taifa likalipokea kwa ulimi wake. Wahispania waliliwekea irabu mbele, wakapata escuela. Wafaransa wakaidondosha s, wakabaki na école. Wafini, ambao maneno yao ya asili hayaanzi kwa konsonanti mbili, wakasema koulu. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki waliliita sinagogi shul, kwa sababu lilikuwa pia mahali pa kusomea. Huko Wales neno ysgol lina maana mbili, shule na ngazi, lakini ngazi hiyo imetoka kwenye neno jingine la Kilatini, scala. Hata school ya samaki katika Kiingereza haina undugu na school ya watoto, maana ilitoka kwenye neno la Kiholanzi cha zamani lenye maana ya kundi.

Wote hawa wana neno la kigeni mlangoni, na ndani ya darasa wana lugha yao wenyewe. Mtoto yule mwenye koni anaweza kusoma hesabu na kemia kwa Kijerumani mpaka chuo kikuu. Mtoto wetu aliyeuelewa usanisinuru vizuri katika shule ya msingi anafika kidato cha kwanza na kuambiwa kwamba hata jambo analolijua ni lazima aliseme kwa Kiingereza, lugha asiyoijua, na akijisahau akatamka neno la Kiswahili uwanjani anapewa adhabu. Hapo ananyamaza. Ninamjua mtoto huyo, kwa sababu nilikaa kimya hivyo hivyo miaka miwili.

Najua nitakavyojibiwa: huyu amefika Ulaya, sasa anataka watoto wa wenzake wafungiwe mlango aliopitia yeye. Ndugu zangu, sikikatai Kiingereza. Mtoto wa hapa pia atafundishwa Kiingereza, kama somo, na mwalimu wa somo hilo. Wala mlango mnaousema sikuupita kwa Kiingereza peke yake, kwani nilipofika huku niliketi darasani upya, mtu mzima, nikaanza Kijerumani kwa herufi za kwanza.

Mwingine atasema Kiswahili hakina istilahi. Istilahi hukua darasani, zinapotumiwa. Finland ilisomesha sekondari kwa Kiswidi mpaka mwaka 1858, ilipofunguliwa huko Jyväskylä shule ya kwanza ya ngazi hiyo kwa Kifini, na leo watu wake wanasoma udaktari kwa lugha hiyo. Sisi tumeanza na mtaji mkubwa zaidi, lugha inayovuka mipaka ya nchi kadhaa, iliyotengewa na UNESCO siku yake, tarehe 7 Julai. Siku hiyo hujaa hotuba nzuri, nami huzisikiliza kwa fahari ya kweli. Kesho yake kibao cha kukataza Kiswahili kinabaki palepale ukutani, na maneno ya Sera ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 2014, yaliyosema Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, yalibaki kwenye karatasi.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, yule bibi aliniuliza kama kwetu watoto wanafundishwa kwa Kiswahili. Nikamjibu kwamba wengi wanafundishwa hivyo, hadi darasa la saba.

"Na baada ya hapo?" akauliza.

Nilitembea hatua kadhaa kabla ya kumjibu.